Bustani Isiyokufa Likizoni: Klabu za Mazingira Katika Shule za Kisumu na Kandokando ya Ziwa Victoria

Klabu ya mazingira ni chama cha wanafunzi wanaojitolea, chini ya uangalizi wa mwalimu mlezi, kuitunza ardhi, maji, miti na usafi wa shule yao, na kujifunza kwa mikono yale ambayo darasani husomwa vitabuni tu. Katika kaunti tano za Kenya zinazopakana na Ziwa Victoria, yaani Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay na Migori, klabu za namna hii zina uzito wa pekee, kwa kuwa mvua inayonyesha juu ya uwanja wa shule iliyoko Kano, Nyakach au Seme hatimaye huteremkia ziwani, na huko hufika na chochote ilichokizoa njiani, kiwe ni udongo, samadi au taka. Hata hivyo, kazi ya klabu hizi mara nyingi hupimwa kwa idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe, mbele ya wageni na wapiga picha, na kipimo hicho hakitoshi. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo cha haki ni hali ya miche na bustani mwishoni mwa likizo, baada ya majuma ambayo wanafunzi hawakuwapo, na kwamba klabu inayotaka kufaulu haina budi kupangwa tangu mwanzo kwa kufuata kalenda mbili zisizolingana: kalenda ya mvua na kalenda ya shule.

Shule kama sehemu ya bonde la ziwa

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na ingawa sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu ya eneo hilo, ni sehemu iliyo rahisi mno kuharibika. Sababu ni umbo lake. Ghuba ya Winam, ambayo mji wa Kisumu umejengwa kwenye ncha yake ya mashariki, ni mkono mrefu wa ziwa wenye kina kidogo na mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga, na kwa hiyo maji yake huchanganyika polepole na maji ya ziwa kuu, na kinachoingia ghubani hukaa humo muda mrefu. Mito ya Nyando na Sondu-Miriu huteremka kutoka nyanda za juu ikiwa imebeba mashapo, yaani chembechembe za udongo zinazosafirishwa na maji na kutuama mahali yanapopunguza kasi, huku vijito vinavyopita mjini, kama vile Kisat na Auji, vikiongeza majitaka na takataka za mitaa. Katika eneo la Nyakach, mmomonyoko umechimba makorongo makubwa katika mashamba na malisho, na udongo uliotoka humo haukupotea bali ulihamia ghubani.

Udongo huo haufiki ziwani mtupu. Hubeba fosforasi na naitrojeni, ambavyo ni virutubisho vile vile vinavyostawisha mahindi shambani, na vinapozidi majini huleta hali ambayo wataalamu huiita urutubishaji wa maji kupita kiasi: mwani huongezeka, hewa ya oksijeni hupungua, samaki hukosa nafasi ya kuishi, na mimea inayoelea hujipatia chakula bila kulimiwa. Gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini ulioonekana katika ziwa hili kuelekea mwaka 1990, ni ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hilo. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limetanda sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam, likazuia meli kutia nanga na mashua za wavuvi kutoka ufukoni, na lilipungua baada ya aina mbili za fukusi wanaokula mmea huo pekee, walioachiliwa upande wa Kenya wa ziwa kuanzia mwaka 1997, kuzaana kwa wingi, wakisaidiwa na mabadiliko ya hali ya hewa na mawimbi. Lakini gugumaji limekuwa likirejea mara kwa mara tangu wakati huo, kwa kuwa mbegu zake hudumu miaka mingi katika matope na kwa kuwa chakula chake bado kinateremka kutoka nchi kavu. Linang'olewa ziwani lakini linalishwa na mabonde, na hapo ndipo nafasi ya shule inapoonekana: shule inayozuia udongo wa uwanja wake usitoke inalitunza ziwa, hata kama wanafunzi wake hawajawahi kuligusa.

Mji wa Kisumu una mahali pengine pa kufundishia somo hili. Kinamasi cha Dunga, kilichoko kusini mwa mji, kimeota mafunjo, yaani matete marefu ya majini ambayo mizizi na mashina yake huyachuja maji kabla hayajaingia ghubani, huwapa samaki wachanga maficho, na ni makao ya ndege wasiopatikana kwa urahisi nje ya mafunjo. Shirika la OSIENALA, ambalo limekuwa likitetea uhai wa Ziwa Victoria tangu mwaka 1992, lina makao yake eneo hilohilo, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao makuu mjini Kisumu. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 50, maji yaliingia katika nyumba, mashamba na majengo ya ufukoni, na vijana wa rika la sasa wakashuhudia wenyewe kwamba mpaka kati ya ziwa na nchi kavu haujawekwa kwa chokaa.

Mizizi ya klabu hizi nchini Kenya

Wazo la kuwakusanya wanafunzi ili walime na kulinda mazingira si geni nchini. Klabu za 4-K, ambazo jina lake linasimamia maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilianzishwa mwaka 1962 ili kuwafunza watoto ukulima, zikafifia kwa miaka mingi, na zikafufuliwa rasmi mwaka 2021. Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianza mwaka 1968 kutokana na juhudi za wanafunzi wenyewe, na zikawa mfano kwa nchi nyingine za Afrika. Kwa miaka mingi sasa mpango wa kimataifa wa Eco-Schools, unaoendeshwa nchini na Shirika la Kenya la Elimu ya Mazingira, umekuwa ukizitaka shule zifuate hatua zinazojulikana: kuunda kamati, kufanya ukaguzi wa mazingira ya shule, kuandaa mpango wa kazi, kufuatilia maendeleo, kuyahusisha na masomo, kuishirikisha jamii, na kuandika ahadi ya pamoja.

Somo kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilitoka kwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, ambalo Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alilianzisha mwaka 1977 akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Wanawake waliootesha miche katika vitalu vyao walilipwa kiasi kidogo cha fedha, lakini malipo hayo yalitolewa kwa kila mche uliothibitishwa kuwa hai baada ya kupandwa, wala si kwa kila mche uliotoka kitaluni. Kanuni hiyo moja iligeuza upandaji kuwa utunzaji, na klabu yoyote ya shule inaweza kuiiga bila kuhitaji fedha.

Sheria na mtaala navyo viko upande wa klabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na katika Kifungu cha 69 inaitaka Serikali ijitahidi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mwezi Desemba 2022 Serikali ilitangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mtaala wa Umilisi, unaosisitiza yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya badala ya yale anayoweza kuyakariri tu, umeweka somo la Kilimo na Lishe katika madarasa ya juu ya shule za msingi, na hivyo bustani ya klabu inaweza kutumiwa kuwatathmini wanafunzi kwa vitendo, badala ya mwalimu kutafuta vifaa vya kuigiza kilimo darasani.

Kalenda mbili zisizolingana

Eneo la Kisumu hupata mvua katika miezi mingi ya mwaka, lakini mvua nyingi zaidi hunyesha katika masika, kati ya Machi na Mei, ambayo Wajaluo huiita chwiri, na mvua ya pili hunyesha katika vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ambayo huiita opon. Januari na Februari huwa na jua kali. Muhula wa kwanza wa shule kwa kawaida huanza Januari na kumalizika mwanzoni mwa Aprili, wa pili huanza kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei na kumalizika Agosti, na wa tatu huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Oktoba au Novemba, ukifuatwa na likizo ndefu kuliko zote.

Kalenda hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega, makosa mengi yanayoua miche hujieleza yenyewe. Shule inayopanda miti juma la mwisho la muhula wa kwanza huiacha mikononi mwa mvua, ambayo huinyeshea kweli, lakini pia huotesha magugu yanayoifunika, huku mbuzi na ng'ombe wa jirani wakiingia katika uwanja usio na mtu. Shule inayopanda Oktoba hufunga milango karibu mara tu baada ya kupanda, na kufikia Januari, wanafunzi wanaporejea, mche ambao mizizi yake haijashuka kwenye udongo wenye unyevu umekwisha kukauka. Wakati ulio bora kwa miti, katika sehemu hizi, ni majuma mawili ya kwanza ya muhula wa pili: udongo umelowa vya kutosha, mvua bado zinanyesha, na wanafunzi wana takriban miezi mitatu ya kupalilia, kuweka matandazo na kurudishia miche iliyokufa kabla ya likizo ya Agosti. Mpango huo uwe na nafasi ya kusogezwa, kwani mwaka 2024 mafuriko yaliilazimu Serikali kuahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei.

Uamuzi huo wa kupanda Mei unadai uamuzi mwingine miezi kadhaa kabla yake, kwa maana kitalu, yaani mahali pa kuoteshea mbegu na kulelea miche, hakina budi kuwa na miche iliyokomaa wakati huo. Mbegu za miti inayokua polepole huatikwa katika muhula wa tatu, na za ile inayokua haraka, kama mpapai, huatikwa shule zinapofunguliwa Januari. Wiki chache kabla ya kupandikizwa, miche hupunguziwa maji na kivuli kidogo kidogo ili izoee jua la uwanjani; kuzoeza huku ni jambo linalosahaulika mara nyingi, na mche laini uliolelewa kivulini hunyauka siku za mwanzo tu.

Mboga, kwa upande wake, zinaweza kuanza na kumalizika ndani ya muhula mmoja, na kwa sababu hiyo ndizo zinazoipa klabu mafanikio ya haraka. Mchicha, majani ya kunde na mgagani, unaojulikana kwa Dholuo kama dek, huanza kuvunwa baada ya wiki tatu hadi tano tangu kupandwa. Mnavu, yaani osuga, na mlenda, yaani apoth, huchukua muda mrefu kidogo. Kikundi kinachopanda juma la kwanza au la pili kitavuna kufikia katikati ya muhula, kitaendelea kuchuma kwa majuma kadhaa, na kitaacha mashina machache yakomae ili kupata mbegu za muhula unaofuata. Mboga hizi za kienyeji zina madini ya chuma, kalisi na vitamini A kwa wingi, na zilidharauliwa kwa muda mrefu kama chakula cha watu maskini, mpaka watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Maseno, walipoonyesha kwa utafiti thamani yake katika lishe na katika soko. Mwanafunzi anayekula ugali kwa osuga aliyoipanda mwenyewe hujifunza lishe na uchumi kwa wakati mmoja.

Maji, udongo na mbegu

Swali la maji huamua hatima ya bustani, na jibu lake huanza na hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Milimita 1 ya mvua inayoanguka juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Jengo la madarasa lenye paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 huleta lita 3,200, na hata tukiondoa sehemu moja kati ya tano kwa maji yanayomwagika na kufyonzwa, hubaki zaidi ya lita 2,500. Tangi la lita 10,000 lililojaa mwishoni mwa mvua linaweza kunywesha miche 100, kwa lita 5 kila mche kwa wiki, kwa muda wa wiki 20, ambao ni mrefu kuliko likizo yoyote ya shule. Hesabu hii inaonyesha kwamba mfereji wa bati chini ya paa huokoa miti mingi kuliko hotuba yoyote ya siku ya upandaji. Matandazo, yaani nyasi kavu au majani yanayotandazwa juu ya udongo kuzunguka mche bila kuligusa shina, huhifadhi unyevu huo na kuyapunguza magugu.

Udongo nao hutofautiana mno katika eneo dogo. Tambarare ya Kano ina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kunata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na hapo mboga hupandwa juu ya matuta yaliyoinuliwa ili mizizi isizame majini, wala udongo haulimwi ukiwa umelowa chepechepe. Kwenye miinuko ya Maseno, ambako udongo ni mwekundu, wenye asidi na upungufu wa fosforasi, kazi kubwa ni kuurutubisha na kukinga mteremko kwa matuta yanayofuata kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ili maji yatembee badala ya kukimbia. Katika mitaa yenye msongamano kama Manyatta, Nyalenda na Obunga, ambako shule huenda isiwe na zaidi ya ua mwembamba, bustani ya gunia inatosha kuanzia: gunia hujazwa udongo uliochanganywa na mboji, nguzo ya kokoto huwekwa katikati ili maji yashuke sawasawa, na mboga hupandwa juu na katika matundu ya pembeni.

Mboji ni mbolea inayotokana na kuoza kwa mabaki ya mimea na samadi, na kuitengeneza ni somo la sayansi kamili. Tabaka za vitu vikavu, kama mabua na majani makavu, hupishana na tabaka za vitu vibichi, kama magugu yaliyopaliliwa, maganda ya jikoni na samadi, kisha rundo hunyeshewa na kufunikwa. Vijidudu vinavyoliozesha hupandisha joto lake hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi, na baada ya kugeuzwa mara kadhaa katika miezi miwili au mitatu huwa tayari. Gugumaji linaweza kutumiwa katika rundo hili, na kwa shule za ufukoni ni malighafi isiyokwisha, ila kwa masharti matatu: likaushwe kwanza, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, lichumwe kabla halijatoa mbegu, ili klabu isilisambaze, na lisichukuliwe karibu na midomo ya mifereji ya viwanda na majitaka, kwa sababu mmea huu hufyonza madini mazito ambayo hayafai kuingia katika mboga.

Uteuzi wa miti unahitaji busara ya kienyeji kuliko mitindo ya soko. Miti ambayo Wajaluo huiita siala, ober na ng'owo, huu wa mwisho ukiwa ni mkuyu, imezoea sehemu hizi tangu zamani. Mwarobaini huvumilia ukame na hutoa kivuli. Mwembe, mpera na mparachichi huwapa watoto sababu ya kuilinda. Mkaratusi hukua haraka na huuzika, lakini hunywa maji mengi na haufai kupandwa kando ya chemchemi, mto au kinamasi. Ushauri na mbegu zilizothibitishwa hupatikana karibu, kwa kuwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya ina kituo Maseno.

Shule inayolima mahindi ina la kujifunza kutoka Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, ambako kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kinachojulikana kama icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kina kampasi iliyopewa jina lake. Huko ndiko kulikoendelezwa, kuanzia miaka ya 1990, mbinu inayoitwa vuta-sukuma. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo wa vipekecha shina, na mizizi yake hutoa kemikali zinazozifanya mbegu za kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ziote na kufa kabla hazijapata pa kujishikiza. Nyasi za nepia zinazozunguka shamba huwavuta nondo hao watage mayai huko, na desmodiamu na nepia zote mbili huwa lishe ya ng'ombe. Ploti ndogo yenye mahindi ya kawaida upande mmoja na ya vuta-sukuma upande wa pili huwapa wanafunzi jaribio la kisayansi ambalo wazazi wao watakuja kulitazama.

Uongozi, kumbukumbu na zamu za likizo

Klabu nyingi hufa siku mwalimu mlezi anapohamishwa na Tume ya Huduma za Walimu, na dawa yake ni kuwa na walezi wawili tangu mwanzo, na kamati ya wanafunzi kutoka madarasa mbalimbali, ili wanaohitimu waache nyuma yao wenzao wanaoijua kazi. Kumbukumbu ndizo zinazoirithisha klabu. Madaftari matatu yanatosha: daftari la miti, lenye ramani ya uwanja, namba ya kila mche, aina yake, tarehe ya kupandwa na hali yake mwishoni mwa kila muhula, daftari la bustani, lenye tarehe za kupanda, kupalilia na kuvuna pamoja na uzito wa mavuno, na daftari la fedha, linaloonyesha kila shilingi ya mauzo ya mboga au miche na matumizi yake. Kutokana na daftari la kwanza hupatikana kiwango cha kuishi kwa miche, yaani asilimia ya iliyo hai kati ya iliyopandwa, na takwimu hiyo ndiyo inayostahili kusomwa mbele ya wazazi, hata inapokuwa ya kuhuzunisha. Miche 50 yenye walezi ni hazina kubwa kuliko miche 1,000 isiyo na mwenyewe.

Likizo huhitaji zamu zilizoandikwa. Katika shule za kutwa, wanafunzi wanaoishi karibu wanaweza kugawana siku, kwa idhini ya wazazi na bila kwenda mmoja mmoja. Katika shule za bweni, ambako wanafunzi huondoka wote, makubaliano hufanywa na mlinzi, wafanyakazi wa shule au akina mama wa mtaa, ambao huchuma mboga za likizo kama ujira wa kunyweshea. Utaratibu huu hauna aibu yoyote, kwa kuwa jirani anayekula kutoka bustanini huifukuza mifugo kwa bidii kuliko bango la onyo. Ua hai wa ojuok, yaani mnyaa, umetumika katika maboma ya Wajaluo kwa vizazi vingi na hugharimu vipandikizi tu, ingawa utomvu wake mweupe hudhuru macho na kwa hiyo watu wazima ndio wanaopaswa kuukata. Shule zilizo karibu kabisa na ziwa zina mgeni mwingine wa usiku, kiboko, na kwao bustani huwekwa mbali na njia zake za malisho, wala mtoto hatumwi kunyweshea alfajiri au jioni.

Ziko hatari nyingine ambazo mlezi mwangalifu hujikinga nazo mapema. Wanafunzi wasitumwe kuteka maji ya kunyweshea kwa kuingia ziwani, kwa sababu konokono wa maji ya kina kifupi hueneza kichocho, ugonjwa ulioenea katika fuo hizi. Matangi yafunikwe na vidimbwi vifukiwe, maana kanda ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria kali zaidi nchini. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika samadi na udongo, na dawa za kuulia wadudu zisiguswe na watoto kabisa.

Jambo la mwisho linahusu heshima ya kazi yenyewe. Katika shule nyingi jembe limetumiwa kama adhabu, na mwanafunzi aliyechelewa au aliyepiga kelele hupelekwa kulima, kisha siku inayofuata anaambiwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mafundisho hayo mawili hayawezi kukaa katika moyo mmoja. Klabu haina budi kukubaliana na walimu wote kwamba bustani yake si mahali pa kutumikia kosa, na kwamba wavulana na wasichana hugawana sawa kulima, kuteka maji, kuandika kumbukumbu na kusimamia fedha. Mavuno nayo yaonekane yanakokwenda: sehemu kwa chakula cha mchana cha shule, sehemu kwa mfuko wa klabu, na sehemu kwa wale waliofanya kazi.

Bodi za usimamizi wa shule, walimu wakuu na wazazi wa Kisumu na fuo zote za ziwa wanaombwa jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Kabla ya kuialika hadhira kwa siku nyingine ya kupanda miti, na waandike kwanza majina ya watakaoinyweshea Agosti, Desemba na Januari, wayabandike ofisini, na wapande idadi ile tu ambayo majina hayo yanaweza kuilea. Mwisho wa mwaka na waihesabu miche iliyo hai, wawatangazie wazazi hesabu hiyo, kisha waitumie kuamua watapanda mingapi mwaka unaofuata.